Simba wa Tseikuru na Maji ya Silanga

Jumapili, 4 Oktoba 1981

Katika watu wote ambao hawajaokoka, kuanzia hapa Mukuyuni mpaka Kabati, mimi Mwangangi wa Nzuki ndiye ninayetafutwa zaidi. Sijisifu. Wahubiri wamenijia kwa miguu, kwa baiskeli, na mmoja juu ya punda. Mzungu mmoja wa misheni alishikwa na malaria kwa ajili ya nafsi yangu, akarudishwa kwao amelazwa, na nasikia hata akiwa kitandani huko Ulaya aliuliza, "Na Mwangangi je?" Mtu wa uzito kama huu hawezi kupita duniani bila kuandika mambo yake. Ndiyo maana nimeanza kitabu hiki. Ni diari ya mwaka jana, alinipa Njogu, yule Mkikuyu mwenye duka pale sokoni, kwa hivyo tarehe zilizochapwa nazikata na kuweka zangu. Shule niliishia darasa la tano, na siku niliyotoka mwalimu alitoa machozi.

Leo Mama Ndila, yaani Kalunde mke wangu, alinibembeleza twende kanisani. "Njoo ukae tu, Baba Ndila. Kukaa si dhambi." Nikaenda, nikakaa nyuma karibu na mlango, mahali pa mtu mwenye shughuli.

Kuna pasta mpya, Jonah, kijana mwembamba ambaye upepo wa Agosti ungempeleka mpaka mji wa Wote bila nauli. Nilikuwa sijamwogopa hata kidogo. Halafu katikati ya mahubiri akasema, "Kuna mtu hapa leo anaongea sana kwa sababu akinyamaza atamsikia Mungu." Hakunitazama. Alitazama dirisha. Lakini lile neno lilinipata hapa, chini ya mfupa wa kifua, kama mkono umeingizwa ndani ya mzinga. Masikio yakapata moto. Nikasimama nikanong'ona naenda kuangalia ng'ombe. Watu wakacheka kidogo, maana wote wanajua ng'ombe zangu ziko kwa shemeji.

Nyumbani nikamuuliza Mama Ndila, "Ni nani amemwambia yule kijana?"

"Amemwambia nini?"

"Mambo yangu."

"Mambo yako hakuna haja mtu aambiwe. Yanasikika kutoka barabarani."

6 Oktoba

Jua. Hata mawingu ya kudanganya hakuna.

Alhamisi, 8 Oktoba

Mwethya leo, kazi ya ujima. Kikundi chote kilishuka kwa silanga kutoa tope kabla ya mvua. Silanga yetu sasa si bwawa, ni sahani. Wanawake wanabeba udongo kwa karai, wanaume wanachimba, na mimi nasimamia, kwa sababu kazi bila msimamizi ni vurugu. Musembi, jirani yangu, akaita kutoka chini, "Mwangangi! Kama hutashika jembe, basi leta ile hadithi ya simba, mikono yetu isahau!"

Nikawapa simba. Niliwapa na mngurumo wake. Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga karai. Lakini katikati ya mngurumo, kile kitu cha Jumapili kikanigusa tena, kwa ghafla, mchana kweupe. Nikakohoa. Wakafikiri ni vumbi.

Pasta alipita na baiskeli, akasema mvua ikijaza silanga, ubatizo utafanywa hapa hapa. Kwa hivyo sasa hata tope la Mukuyuni linanitafuta.

Jumapili, 11 Oktoba

Siku kubwa. Naandika polepole nisije nikaharibu.

Kavata, mpwa wangu anayefundisha shule ya msingi na ambaye anakaa kwetu, ndiye anaongoza kwaya. Waliimba ule wimbo wa Kikamba wa mtu aliyepotea karibu na nyumba ya baba yake. Si mbali, ni karibu, mpaka anaona moshi wa jikoni. Kile kitu kikanishika, na mara hii hakikuwa mkono. Kilikuwa kama mtu mzima amekaa ndani yangu na anataka nimpishe atoke. Pasta akasema, "Yeyote anayesikia mzigo, aje mbele." Miguu yangu ikaenda. Mimi sikuituma.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani kutoka benchi mpaka mbele. Yalikuwa machache: mimi ni mtu wa uongo, nimechoka, nisaidieni. Hayo tu. Nayaandika hapa ili ionekane kwamba nilikuwa nayo.

Basi Pasta akasema, "Mzee, waambie watu neno moja." Nikageuka. Nikaona macho yote yale. Na mdomo ukafunguka wenyewe ukasema: "Ndugu zangu, mwaka ule nilipokwenda Tseikuru kununua mbuzi, nikiwa nimekunywa kibuyu kizima cha pombe ya kaluvu, simba alitokea njiani akanitazama usoni, akasema kwa macho, 'Mwangangi, rudi.'"

Kanisa likalipuka. Haleluya mpaka mabati yakatetemeka. Wanawake walilia. Nikaendelea, ningefanya nini? Nikasema simba alinifuata siku nzima bila kunigusa, kwamba huyo hakuwa simba wa kawaida, na kwamba jana nimevunja kibuyu changu cha pombe mbele ya mke wangu.

Mama Ndila alikuwa analia kama mtoto. Akanishika mkono mbele ya watu wote, kitu ambacho hajafanya tangu harusi yetu. Sikuvunja kibuyu chochote na yeye anajua. Lakini alilia hivyo hivyo.

Jioni

Ilibidi nikivunje. Kilikuwa cha marehemu baba. Kaluvu ikaingia mchangani na mbwa akalewa. Huu ni msimu gani ambao mtu anaacha pombe kwa sababu ya kusema uongo?

12 Oktoba

Sokoni kila mtu ni "Ndugu Mwangangi". Musembi alinipigia saluti.

Jumapili, 18 Oktoba

Nimeitwa kutoa ushuhuda kanisa la soko. Nilikwenda na nia ya kusema yale maneno machache. Kile kitu kilikuwa na mimi njia nzima, kimetulia, kama mgeni anayengoja kukaribishwa ndani. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Simba wakawa wawili, dume na jike.

Wakati wa sala Pasta husema, "Tufumbe macho yote." Wote wakafumba.

20 Oktoba

Siku ya Kenyatta. Mawingu yalikuja mpaka kilima cha Mbooni, yakatuangalia, yakarudi.

24 Oktoba

Jua. Kavata ananiuliza wakati wa chakula, "Mjomba, wale simba wawili, walizaa?" Nikamwambia asichezee kazi ya Mungu. Akasema, "Mimi sichezi. Nataka nijue kabla ya Jumapili, kwaya ijipange." Mama Ndila akamfukuza akasugue sufuria, lakini niliona naye anakaza midomo.

Jumapili, 1 Novemba

Kabati! Kutoka hapa mpaka Kitui huko, na sisi tulipelekwa kwa pikapu ya Njogu, mimi mbele. Kanisa limejaa mpaka madirishani. Mahali ambapo hawanijui, kumbe mtu anaweza kuwa mkubwa zaidi. Simba walikuwa watatu na fisi mmoja ambaye niliwapa bure. Watu wengi walikuja mbele wakaokoka. Nasema kweli, hili halina chumvi. Mzee mmoja mwenye mkongojo alipiga magoti akalia kwa sauti ambayo sijawahi kusikia kwa mtu mzima, akasema tu, "Bwana, ni mimi." Nikamtazama. Nilimwonea wivu. Yeye ameingia kwa mlango ambao mimi nimeufungua kwa ufunguo wa kuiba, na mimi niko bado nje nimeushika.

Baada yangu alisimama Njogu. Ushuhuda wake, nauandika wote: "Mimi nilikuwa mwizi wa kipimo. Sukari yangu ilikuwa inapungua kwa mizani. Yesu akaniambia niache. Nikaacha. Bwana asifiwe." Akaketi. Hakuna hata mdudu ndani yake. Mtu ametoka Murang'a na kilomita zote hizo, hata nyoka hajakutana naye?

Kwa gari tukirudi nikamwambia, "Njogu, ushuhuda wako unataka chumvi."

"Ah, mzee, mimi nauza chumvi," akasema. "Nikiweka huko pia nitaibia watu tena."

Nikahesabu miti ya barabarani mpaka nyumbani.

5 Novemba

Joto. Nyuki wametoka mzinga mmoja wakaenda. Sijui kwa nani.

Jumapili, 8 Novemba

Mvua! Ilianza tukiwa kanisani, na Pasta akaacha kuhubiri, kwa sababu nani anasikia. Watu walisimama mlangoni wakinusa udongo. Mama Ndila alitoa mkono nje ukalowa, akajipaka usoni. Akanigeukia. "Baba Ndila, silanga itajaa." Alisema vile wasichana husema mahari imefika.

9, 10, 11 Novemba

Kupanda. Mahindi, kunde, mbaazi. Mgongo.

Jumatatu, 16 Novemba

Leo nilikuwa na kesi ngumu kuliko simba wote.

Wanaotaka ubatizo lazima waonane na Pasta mmoja mmoja. Nilikwenda kwake mchana baada ya kazi ya shamba. Mvua inapiga mabati. Alikuwa amepika muthokoi yeye mwenyewe, maana hajaoa, na ilikuwa imeungua chini. Tukala. Kisha akaweka sahani kando.

"Mzee Mwangangi, umeokoka?"

"Si umenisikia mara zote hizo?"

"Nimemsikia simba."

Nikacheka. Hakucheka. Akauliza tena kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi, "Alikuwepo lakini, huyo simba?"

"Kulikuwa na alama."

"Alama za miguu ya simba?"

"Alama."

Akatikisa kichwa. Nikangoja anifukuze. Ningependa anifukuze, ningepata hadithi nzuri. Badala yake akasema, "Mzee, mimi sina shida na simba. Nataka uniambie kitu kimoja tu juu yako. Kidogo. Bila mnyama."

Basi nikatafuta. Jamani, nilitafuta! Nikaingia ndani yangu kama mtu anayepapasa chini ya kitanda, na kila nilichokishika kilikuwa na mkia au kucha. Mwalimu aliyelia? Hakulia. Mzungu wa malaria? Huyo alikuja kwa ajili ya kisima. Mvua ikapungua, na kile kitu kikaja kikakaa kwenye kiti cha tatu, naapa, kiti kilikuwa kitupu lakini sikuthubutu kukitazama. Nilisikia nataka kulia. Kama angeniambia neno moja zaidi ningeanguka.

Hakusema. Na mimi nikasema, "Napenda kula isyo zenye mbaazi nyingi."

"Huo ni mwanzo," akasema Pasta, bila dhihaka.

Akasema basi tuombe, na mimi nianze, kwa maneno yangu mwenyewe. Nikamwambia nina kidonda mdomoni. Akaomba yeye. Nimerudi nyumbani nimekasirika, na sijui ni kwa nani. Nimempigia mbuzi kelele. Nimempigia Kavata kelele. Mbona watu wengine wanapita tu? Mimi nimeacha pombe, nimeacha ugoro, nimeamka mapema, nimekwenda Kabati. Nimefanya yote ya nje. Kile kitu kinakuja mpaka mlangoni, nakisikia kinapumua, na mimi nasimama hapo ndani nikikihadithia.

18 Novemba

Siku ya soko. Nilimngoja Njogu amalize wateja nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei, "Ile siku yako, ulisema nini hasa?"

"Nilisema, nisaidie."

"Na halafu?"

"Halafu nikaenda nikatupa lile jiwe la mizani chooni."

"Hayo tu?"

"Hayo tu, mzee. Sasa, mafuta unataka au hutaki?"

22 Novemba

Silanga imejaa. Vyura wanafanya mkutano wa hadhara. Ubatizo ni tarehe sita.

Jumapili, 29 Novemba

Mama Ndila amenishonea shati jeupe. Kitambaa alikuwa amekiweka chini ya sanduku. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu Ndila akiwa anatambaa. Ndila sasa ana watoto wake.

Alikuwa ananipima mabega na uzi, amesimama nyuma yangu, na nikaona ni nafasi nzuri ya kumhadithia vile watu wa Kabati walivyotaka nikae huko niwe mwinjilisti. Akasema, "Simama, Baba Ndila, usitikisike." Nikasimama. Kisha akasema, uso wake sikuuona, "Unajua mimi sikuomba uwe mwinjilisti. Mimi naomba siku moja tu tukae wawili hapa na uwe uko."

"Si niko hapa?"

Akavuta uzi. "Mkono huu ni mrefu kuliko huu mwingine," akasema.

2 Desemba

Mvua. Palizi. Magugu hayajui kama mtu anabatizwa.

Jumapili, 6 Desemba

Nimevua shati. Liko kwenye kamba, halikulowa.

Tulishuka kwa silanga wengi, tunaimba. Maji yamefika mpaka kwenye mti wa mwisho, mekundu kama chai ya harusi. Mama Ndila alikuwa mbele kabisa na taulo mkononi. Sisi wa kubatizwa tukapanga mstari, na Pasta alikuwa majini mpaka kiunoni. Kila mtu akiingia anamuuliza kwa sauti, "Umetubu dhambi zako na umemwamini Bwana Yesu?" Mtu anajibu, "Ndiyo, nimemwamini," anazamishwa, anatoka, watu wanapiga vigelegele. Ni neno dogo. Msichana wa mbele yangu alilisema akitetemeka meno.

Nikaingia. Maji yalikuwa baridi na tope likaingia katikati ya vidole. Pasta akanishika bega. Akauliza.

Mdomo wangu huu ndio umezalisha simba mbele ya makutaniko matatu. Umesema kwamba niliwahi kuvusha lori mto Tana kwa kamba. Umemwambia chifu usoni kwamba mbuzi wake alijichinja. Hakuna kitu ambacho umewahi kukataa kusema. Leo ulikataa. Nililifikisha lile "ndiyo" mpaka kwenye meno na likagoma. Kwa sababu kile kitu kilikuwa hapo hapo majini, karibu kuliko Pasta, na mbele yake nilishindwa kudanganya, na ukweli wake sikuwa nao.

"Mzee?" akasema Pasta, chini chini.

"Mguu," nikasema. "Mguu umekaza."

Nikageuka nikatoka. Wimbo ulikatika katikati, halafu Kavata, Mungu ambariki, akauanza tena kwa nguvu ili watu wasinitazame. Wakanitazama. Mama Ndila alikuwa amefungua lile taulo tayari, amelishika kwa mikono miwili. Nilikuwa mkavu kutoka kiunoni kwenda juu. Akanifuta miguu. Aliinama mbele ya watu wote akanifuta tope miguuni, akalikunja taulo, tukapanda kilima.

7 Desemba

Mvua.

8 Desemba

Mvua. Mama Ndila anaongea na mimi vizuri, kuhusu mbaazi.

Jumamosi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Sokoni Musembi alinipata mbele ya watu. "Mwangangi! Tunasikia ulikimbia maji. Nini, uliona mamba?"

Wote wakageuka. Naapa nilitaka kupita. Lakini walikuwa wengi, na wamenyamaza wakingoja.

"Mamba?" nikasema. "Kama angekuwa mmoja!"

Walicheka mpaka Musembi akaketi kwa gunia la watu. Wakaninunulia soda. Mmoja akasema, sasa huyu ndiye Mwangangi wetu, tulikuwa tumempoteza. Njogu alikuwa mlangoni pa duka lake, hakucheka wala hakunitazama vibaya. Akarudi ndani. Soda ilikuwa na ladha ya chuma.

Jumatano, 16 Desemba

Mvua imetulia. Mahindi yamefika magoti.

Leo mchana nilimwambia Mama Ndila naenda kanisani kuangalia bati linalovuja, kwa sababu bila mimi lile kanisa lingekuwa limeshaanguka. Akaniambia nipeleke misumari. Nikapeleka misumari.

Hapakuwa na mtu. Mabenchi matupu, maji yanadondoka kwenye karai la mwethya lililowekwa chini ya tundu. Nilikaa kwa benchi langu la karibu na mlango. Halafu nikaenda mbele. Hakuna aliyeita, hakuna aliyeimba. Kile kitu hakikunisukuma hata kidogo, kilikaa tu kimya kama kinaona vile nitafanya. Nikapiga magoti pale pale niliposimama na simba wa kwanza, na nikasema, "Nisaidie." Kwa sauti ndogo. Bila mnyama. Nikafumba macho.

Na hapa naandika ukweli, kwa kuwa diari hii ni ya mwaka uliokwisha na hakuna atakayeisoma. Msimu huu wote, kila tuliposema tufumbe macho, mimi sikufumba hata mara moja. Nilikuwa nachungulia nione nani analia. Leo ndiyo mara ya kwanza nimefumba, na sikumaliza hata sala. Nilifungua jicho moja, la kushoto, nione kama kuna mtu mlangoni ameniona nimepiga magoti. Hapakuwa na mtu. Na nilisikitika.